Kwa Nini Shule Huanza kwa Mchakamchaka

Enzi hizo, kabla kengele ya asubuhi haijajua kumtoa mtu jasho, wanafunzi walikuwa hawakimbii. Walikaa tu. Mtemi alipofungua shule ya kwanza pale chini ya vilima alitangaza, "Watoto wakae shuleni mpaka jua liiname!" Mwalimu Lubango, mtu wa koti zito na maneno mazito zaidi, akaelewa alivyoelewa. Akawakalisha. Asubuhi kitako, mchana kitako. Aliyejikuna aliitwa mhuni.

"Akili ni maziwa," alisema. "Ukitikisika, yanamwagika."

Kumbe maziwa yasiyotikiswa huganda! Minza, binti aliyeipenda shule kuliko uji wa karanga, aliamka na hesabu zote kichwani. Kufika mchana zimemtoka, na miguu haipo. Hofu ikamwingia, maana Mtemi alikwisha kuapa: nikija nisikute mtoto anayejua kitu, shule naifunga, wote warudi machungani.

Siku ikafika. Mtemi akamnyooshea Minza kidole. "Ng'ombe saba wana miguu mingapi?"

Minza akainuka, akaanguka pu! Ganzi. Kichwani ukungu mtupu. Akajishika ukutani, akasimama tena, akaanza kukanyaga majani makavu yaliyotandikwa sakafuni ili miguu iamke: mchaka, mchaka, mchaka!

"Tulia, we mtoto! Utaimwaga akili!" Mwalimu akafoka.

"Mwalimu, ndiyo kwanza inaingia!"

Huyoo, nje! Mchaka mchaka, akalizunguka darasa, wenzake wakachomoka nyuma yake wakiimba, wengine wakichechemea, wengine wakipiga vigelegele kwa kuiona miguu yao ikifanya kazi. Alirudi anahema, macho yanawaka. "Ishirini na minane, Mtemi! Niulize nyingine!"

Akaulizwa. Akajibu. Akaulizwa tena, wenzake wakawahi kumjibia!

Mtemi akageuka. "Lubango, nani alikutuma kuwapanga watoto kama viazi?"

"Si wewe, Mtemi wangu? Ulisema wakae."

"Nilisema wakae shuleni, baba! Sikusema waikalie shule!"

Watu wakacheka mpaka kuku wakaruka. Shule haikufungwa.

Na tangu siku hiyo, kila kunapokucha, kabla kitabu hakijafunuliwa, wanafunzi hukimbia mchakamchaka kwa nyimbo na vumbi. Mkimwona mwalimu kabaki nyuma kabisa, kashika kiuno, msimcheke sana. Huyo ni wa ukoo wa Lubango. Bado anajifunza kukaa shuleni.