Mlango wa Kushoto Unabisha

Sogeeni, na mwenye kikohozi akikohoe chote sasa hivi, kwa sababu hadithi hii ina mahali pa kunyamaza. Ni ya pikapu moja kuukuu, watoto watatu, na vidude vya chuma vidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Mkishanisikiliza mtanisaidia kuamua, maana mimi nimeshindwa.

Dada yangu Nakijwa alizaa watoto watatu kule juu Upare, ambako ukungu unaweza kuingia sebuleni mchana kweupe na kukaa kama mgeni asiyeaga. Kila mtoto alijaliwa chake. Yonazi, wa kwanza, alijaliwa sikio. Alikuwa kiongozi wa matarumbeta kanisani, na mpigaji akiteleza hata kidogo, Yonazi alikuwa ameshamgeukia kabla mwenyewe hajajua kwamba amekosea. Togolai, wa pili, alijaliwa miguu. Ukimtuma chumvi akakuta duka limefungwa, alirudi kesho yake na chumvi ya wilaya nyingine. Namsifu, wa mwisho, alijaliwa moyo usioshtuka. Alipokuwa mdogo tulimtisha kwa habari za mizimu, naye akauliza inakula nini.

Mimi, mjomba wao Senkondo, nilijaliwa tumbo na maneno. Nimeendesha malori Lubumbashi, Beira na Bujumbura, nimeosha masufuria Muscat, na kote huko nimejifunza kuomba chakula kwa lugha saba na kushukuru kwa mbili.

Sasa pikapu. Ilikuwa ya shemeji yangu, marehemu Kallaghe: rangi ya chai ya maziwa, usukani mkubwa kama ungo, imetengenezwa kabla hata Yonazi hajazaliwa. Ndiyo iliyoshusha wagonjwa wa kijiji hospitali bondeni, na ndiyo iliyowapandisha waliofia huko. Kallaghe alishika usukani, na dada yangu alikaa kushoto kwake. Walipofika kwenye daraja linaloingia kijijini na maiti nyuma, Kallaghe aligonga mlango wake kwa vidole, mara tatu. Dada yangu aligonga wa kwake mara moja. Kwamba tupo, tunaingia. Watu wa kwetu hawakumpeleka marehemu wao kwa gari jingine.

Kallaghe alipofariki, watoto walitaka kuiheshimu pikapu ya baba yao. Kava la ndani la mlango wa kushoto lilikuwa limechanika, wakalipeleka kwa fundi mmoja bondeni. Akalibadilisha vizuri tu. Ila zile klipu za zamani, vile vidude vinavyobana kava kwenye bati la mlango, aliziona kutu tupu. Akazitupa, akaweka za plastiki.

Pikapu ilipopanda mlima, ilipofika darajani, mlango wa kushoto ukabisha kutoka ndani. Ngo. Ngo. Ngo.

Tulisema ni jiwe limeingia. Asubuhi tukakuta kava limening'inia, na klipu za plastiki zimepangwa juu ya kiti, mstari mmoja, midomo juu, kama vifaranga wanaosubiri kulishwa. Tukazirudisha. Asubuhi iliyofuata zikawa pale pale. Mimi, msafiri wa dunia, nikasema niachieni mimi, nikaagiza kwa rafiki yangu Durban mfuko mzima wa klipu. Nilizibana kwa mikono yangu huku nikipiga mluzi. Kesho yake zilikuwa kitini, na katikati yao palikuwa na kifungo cha shati langu, ambacho sikumbuki kukipoteza.

Tungeweza kuiacha ile pikapu ibishe hadi ichoke, lakini dada yangu aliugua. Uvimbe tumboni. Daktari alisema ashuke haraka akapasuliwe, kwa kuwa uvimbe ule haungemsubiri.

"Kallaghe aliniahidi kwamba nikiugua, atanishusha kwa gari lake," dada akasema. "Nitashuka kwa hilo, au sishuki."

"Basi panda, dada, nitaendesha mimi."

"Nipande nikae ubavuni mwa mtu anayebisha na sijui anataka nini? Wewe Senkondo ungekaa?"

Mimi hata kuliosha gari lile nilikuwa naliosha upande mmoja.

Akawaita wanawe. "Atakayeunyamazisha mlango wangu, pikapu ni yake. Ya mtu mmoja, sikilizeni vizuri. Gari lile likikosa mwenyewe mmoja, litajitafutia."

Yonazi akaanza. Aliingia peke yake ndani ya pikapu, akafunga vioo, akaweka sikio la kushoto kwenye mlango unaobisha. Akakaa humo mpaka vioo vikafanya ukungu kwa ndani. Kisha akagonga mlango wa baba yake, ule wa kulia ambao fundi hakuugusa, halafu akagonga huu.

"Mjomba, umesikia? Ule unajibu kama mtu aliyelala chini ya blanketi. Huu unajibu kama mtu aliye uchi."

"Mimi nimesikia mlango na mlango," nikamwambia.

Akachomoa klipu moja tu ya mlango wa kulia. Ilikuwa chuma, yenye masikio mawili, na chini yake palikuwa na kitambaa cheupe kilichokatwa duara. Tukampelekea dada. Alikigeuza kiganjani muda mrefu.

"Sanda," akasema.

Ndipo akatueleza. Kwetu, sanda ikikatwa, kipande kinachobaki hakirudi ndani ya nyumba ya msiba. Anapewa dereva aliyemleta marehemu. Wengine hukitupa mtoni, Kallaghe hakuweza kuwatupa watu. Kila kipande alikikata duara, akakiweka chini ya klipu, mlango usipige kelele njiani. Ndiyo maana pikapu ile ilipita kimya kuliko magari mapya. Na watu wote wa mlango wa kushoto, fundi alikuwa amewafagia pamoja na kutu.

Kwa hiyo Yonazi ndiye aliyejua: klipu ya chuma yenye masikio mawili, na kitambaa chini yake. Bila yeye ningekuwa bado naagiza plastiki. Lakini alipotoka garini aliinamisha kichwa upande, kama mtu aliyeingiwa maji. Kutoka siku ile, sikio lake la kushoto halisikii kitu kingine chochote isipokuwa zile ngo tatu. Matarumbeta ameyaacha.

Togolai akapokea. Alipitisha uzi kwenye ile klipu moja, akaivaa shingoni, akaondoka. Korogwe walimcheka. Tanga wakamwambia aende Mombasa, Mombasa wakamrudisha Arusha, na Arusha muuza spea mmoja alimuuliza, "Kaka, unatengeneza gari au unafufua?" Mwisho akasikia habari za pikapu kama ile, imekufia katikati ya shamba la mkonge lililoachwa.

Aliikuta saa sita mchana, jua la kupasua kichwa, lakini ndani ya pikapu ile vioo vilikuwa na ukungu. Mkonge ulikuwa umetokea mahali pa injini. Kwenye kiti cha dereva vumbi lilikuwa zito, ila katikati palikuwa pamebonyea, pasafi, kama mtu ametoka kuinuka. Bibi mwenye shamba alisimama mbali.

"Chukua utakacho, mwanangu. Ila mwombe kwanza aliyekaa."

"Nani amekaa, bibi?"

"Mimi ninajuaje? Mimi simwombi kitu."

Togolai akafungua mlango, akasema hodi. Akasema, "Samahani mzee, nakusumbua, ni kwa ajili ya mama yangu." Spring za kiti zikalia, kama mtu mzito anaponyanyuka. Togolai akachomoa klipu moja moja, mpaka zikatosha. Alipofunga mlango akasikia spring zikilia tena. Mtu amekaa.

Kwa hiyo Togolai ndiye aliyezileta, na bila miguu yake tungekaa na ujuzi wetu kama watu wanaojua jina la dawa na hawana dawa. Lakini tangu arudi, kila Togolai anaponyanyuka kitini, kiti kinalia mara ya pili. Mkewe amehamia kulala chumba cha watoto. Anasema kitandani wako watatu.

Tukabana klipu zile. Zilikaa! Hakuna iliyoanguka. Nikacheza kidogo, dada akanitazama kwa huruma. Tukaendesha hadi darajani kujaribu. Ngo, ngo, ngo. Safari hii kwa nguvu, maana sasa ilikuwa chuma juu ya chuma. Yonazi akanunua kitambaa kipya cheupe, tukakata, tukaweka. Ngo, ngo, ngo. Dada yangu alikuwa ameshaacha kula. Akijigeuza kitandani, tulikuwa tunatoka nje ili asituone nyuso zetu.

Siku ile Namsifu aliingia chumbani kwake, akarudi na foronya, akatoa humo kitambaa cheupe kilichokunjwa.

Lazima niwaambie kimetoka wapi. Kallaghe alifia bondeni, na madereva wote walikataa kukaa kwenye kiti chake na yeye yuko nyuma. Mimi nilikuwa njiani kutoka Bujumbura. Binti huyu ndiye aliyeshika usukani, akapandisha mwili wa baba yake ndani ya ukungu, akagonga mwenyewe darajani. Wazee wakampa kilichobaki cha sanda, kama desturi. Wengine walirithi shamba, wengine mbuzi. Yeye alikuwa na hicho, na alikilalia kila siku.

"Namsifu, mwanangu," nikasema, "kata kidogo, kingine ubaki nacho."

"Klipu ngapi, mjomba?"

Nikamwonyesha. Akashika wembe, akakata duara baada ya duara, mkono wake umetulia kama anakata mkate. Ya mwisho haikuwa duara, ilikuwa pembe tu iliyosalia. Hakubaki hata na uzi. Foronya akaikunja ikiwa tupu.

Kwa hiyo Namsifu ndiye aliyetoa. Bila yeye, sikio na miguu vingefika darajani na kuishia pale.

Tukavibana vitambaa chini ya klipu, na asubuhi ya kushuka ukungu ulikuwa hauonyeshi hata taa za pikapu yenyewe. Niliendesha mimi, kwa sababu sikuwa mshindani. Dada alikaa kwenye kiti chake, amejifunika khanga mbili, watoto nyuma. Tukakaribia daraja. Mlango wa kushoto, kimya. Magurudumu yakapanda mbao, kimya.

Dada akatoa mkono kwenye khanga. Akagonga mlango wake, taratibu. Ngo. Ngo. Ngo.

Na kwenye mlango wangu, upande wangu, kutoka ndani ya bati, kitu kikajibu mara moja.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Naapa.

"Haya," dada akasema, kama anayemjibu mtu aliyechelewa. "Twende."

Alipasuliwa. Alipona. Sasa hivi ananisema kuhusu tumbo langu kwa nguvu kuliko zamani. Tuliporudi alinishikisha ufunguo mbele ya wanawe. "Mjomba wao ni wewe. Amua."

Yonazi akasema, "Mimi nimetoa sikio. Nani mwingine ametoa kiungo cha mwili?"

"Sikio halipandi basi, kaka," Togolai akasema. "Na mimi nalala na mgeni kitandani mpaka leo. Wewe mgeni wako anabisha tu, wangu amehamia."

Namsifu akasema, "Gari mimi siligombei. Lakini baba yangu yumo mlangoni. Atakayeondoka nalo, ataondoka naye."

Wakanitazama wote watatu. Mimi, ambaye nimepita mipaka yote nikiwadanganya askari kwa tabasamu, nikasema nipeni muda nifikiri.

Nimefikiri, jamani. Ufunguo huu hapa, uoneni. Tena fikirini upesi kuliko mimi, maana leo asubuhi nilipofungua pikapu, nimekuta klipu moja iko juu ya kiti cha kushoto, mdomo juu, na kile kitambaa cha pembe kimekunjwa vizuri pembeni yake. Kwenye usukani palikuwa na alama ya joto, kama mtu ametoka kuushika.

Nyinyi mliokaa hapo, ufunguo huu ungekuwa mikononi mwenu, mngemkabidhi nani kabla gari halijajichagulia?