Ndama wa Majivu na Kamba ya Mlangoni

Paukwa!

— Pakawa!

Kibuyu?

— Cha maziwa!

Kamba?

— Ya ng'ombe!

Fisi?

— Nje ya boma!

Haya, sogeeni. Cheporiot, toa mguu wako kwenye majivu, utaungua halafu utatuharibia hadithi.

Kabla sijaanza, nina swali. Nyanya yangu aliniuliza nilipokuwa na kimo chenu, nami sijapata jibu mpaka meno yameng'oka. Mtu amemwacha ndama kwa sababu ndama hana nguvu za kutembea. Mtu mwingine amemlea mpaka amekuwa ng'ombe. Je, ng'ombe huyo ni wa nani?

— Wa aliyemlea!

— Si kweli, Nyanya! Ni wa mwenye mama yake!

Mnaona? Mmeshaanza kugombana, na mimi hata sijatoka mlangoni. Basi sikilizeni.

Zamani za kale, mvua ilipokuwa bado inaijua njia ya kuja kwetu, palikuwa na mtu akiitwa Lotyang. Lotyang alikuwa na ng'ombe wengi, lakini ungepita bomani kwake ungesema ni maskini. Ndani ya zizi ungeona ng'ombe wachache tu wakicheua. Wengine walikuwa wapi? Wengine walikuwa mlimani kwa rafiki yake Riwa. Wengine walikuwa mtoni kwa rafiki yake Kamais. Na mmoja, aliyeitwa Madoa, alikuwa mbali kwenye uwanda wa mawe, kwa mjane mmoja jina lake Chepusepa.

Ndivyo watu walivyoishi. Ukiwa na ng'ombe, unampa rafiki wa mbali amchunge na kumkamua. Unampeleka kwa kamba ya ngozi, naye rafiki anaitundika mlangoni kwake. Siku ukimrudisha ng'ombe nyumbani, kamba inabaki pale pale mlangoni. Kamba ikiwa mlangoni, njia iko wazi. Ukija na njaa, unaingia. Akija yeye na njaa, anaingia.

Sasa palikuwa na ndege, kwezi, mwenye manyoya ya kumetameta na mdomo usiotulia. Kila asubuhi alitua juu ya lango la Lotyang.

"Lotyang! Tajiri wa kusimuliwa! Nasikia una ng'ombe. Wako wapi nitue migongoni mwao?"

— Akamjibu nini, Nyanya?

Hakujibu. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili alimrushia jiwe. Siku ya tatu alimwambia mkewe, Chemket, "Nataka kuwaona ng'ombe wangu wote mahali pamoja. Angalau mara moja kabla sijafa."

Chemket alikuwa amekaa anasafisha kibuyu kwa moshi. Akasema, "Ukishawaona, watakula nini? Macho yako?"

Simlaumu Lotyang. Mtu amepewa macho, na macho hutaka kushiba kama tumbo. Akachukua fimbo yake, akaenda.

Akafika mlimani kwa Riwa. Riwa hakubisha, ng'ombe si wake. Akawatoa. Lakini ng'ombe wa kwanza aligeuza kichwa, akaimba. Imbeni nami:

*Lotyang, Lotyang, mwenye zizi,*
*mguu mmoja mlimani,*
*mguu mmoja mtoni,*
*mguu mmoja kwenye mawe.*
*Ukiibana yote pamoja,*
*utasimamaje?*

Lotyang akasema, "Ng'ombe hutembea, haimbi." Akawafunga ili awaongoze, na kwa kuwa ng'ombe walikuwa wengi na kamba chache, akaitungua pia ile kamba iliyokuwa mlangoni. Riwa akaitazama ikiondoka. 

Akafika mtoni kwa Kamais. Kamais alikuwa mcheshi. Akasema, "Rafiki yangu, umekosana na mke? Mbona unahamisha kila kitu?" Lotyang hakucheka. Ng'ombe wa mtoni akageuza kichwa, akaimba.

— *Lotyang, Lotyang, mwenye zizi!*

— *Mguu mmoja mlimani!*

Wimbo ule ule. Na kamba ya mlangoni ikatunguliwa vile vile.

Akafika kwenye uwanda wa mawe kwa Chepusepa. Madoa alikuwa amezaa. Ndama wake alikuwa wa rangi ya majivu, miguu kama vijiti vya kuwashia moto, akisimama anaanguka, akisimama anaanguka.

Chepusepa akasema, "Baba, karibu. Ng'ombe ni wako, mchukue. Kamba niachie."

"Ya kufungia nini, mama? Huna ng'ombe mwingine. Utafunga upepo?"

"Nitafunga upepo. Nikipata mwingine, nitaufungua."

Lotyang akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani. Akaiacha kamba. Madoa akageuza kichwa, akaimba wimbo wake, kisha akamlilia ndama.

"Na huyu?" akauliza Chepusepa.

"Huyu hafiki hata kwenye kichuguu kile. Mwache. Fisi naye ana watoto."

Akaondoka.

— Nyanya, hakusema amempa?

Hakusema amempa.

— Na hakusema atamrudia?

Hakusema. Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa.

Lotyang akafika nyumbani na ng'ombe wake wote. Akapanda juu ya kichuguu, akawatazama. Walijaa bonde zima, weusi, wekundu, wa madoa, vumbi lao likapanda mpaka juu. Kwezi akatua, akaruka, akatua, hajui aanzie mgongo gani. "Sasa nakuona, Lotyang!" akasema. Na kwa kweli Lotyang alifurahi. Tusimnyime furaha hiyo, aliipata.

Lakini ng'ombe wakala. Wakala nyasi za karibu, wakala nyasi za mbali kidogo, wakala mpaka mizizi. Mvua ikasubiriwa, haikuja. Ikasubiriwa mwaka wa pili, na wa tatu. Asubuhi ng'ombe walikwenda mbali kutafuta majani, jioni walirudi na njaa waliyoipata njiani. Wakaanza kulala na wasiamke. Madoa alikuwa wa mwisho. Alipoanguka, hakuimba.

Kwezi akahama. Kwezi hana kosa, yeye ni wa migongo.

Hapo ndipo Chemket, aliyepata mimba katikati ya kiangazi hicho, akajifungua. Mtoto wa kike, mdogo kama kifaranga. Chemket hakuwa amekula kitu cha kumwezesha kunyonyesha, titi likakauka. Mtoto akalia, kisha sauti ikapungua. Chemket akamwambia mumewe, "Nenda katafute maziwa. Usirudi na maneno."

Lotyang akapanda mlimani. Riwa akamkaribisha, akampa maziwa akanywa, akamjazia kibuyu kidogo cha njiani. Kisha akasema, "Ng'ombe nilio nao ni wa rafiki mwingine. Kamba yake ndiyo iliyo pale ilipokuwa yako. Siwezi kumtoa ng'ombe wa mtu kwa njia iliyofungwa."

Lotyang akakipeleka kibuyu nyumbani. Mtoto akanywa, kikaisha.

Akashuka mtoni. Kamais hakutania siku hiyo. Akampa samaki wakavu kwa ajili ya Chemket. "Maziwa sina," akasema. "Tazama mlango wangu. Hauna kitu."

Akabaki na uwanda wa mawe. Njia nzima alijiambia, "Yule mama sikumwachia kitu. Nitamwomba nini?"

Alipofika, aliona moshi. Aliona boma dogo la miiba. Na mlangoni, ile kamba haikuwapo.

— Aaa! Naye kaiondoa!

Subiri, Cheporiot. Haikuwapo mlangoni kwa sababu ilikuwa shingoni mwa ng'ombe. Ng'ombe wa rangi ya majivu, amesimama, amejaa maziwa, na pembeni yake mtamba mdogo aliyemzaa. Chepusepa alikuwa amemlea yule ndama kwa maziwa ya mbuzi wake mmoja na maganda ya migunga, akimbeba mgongoni pale njia ilipokuwa na mawe.

Lotyang akaanguka magotini, akamweleza habari ya mtoto. Chepusepa akasema, "Baba, kaa vizuri. Mwana wa Madoa yupo."

"Ni wangu?" akauliza Lotyang. Lilimtoka kabla hajafikiri.

Chepusepa akachutama, akamkamua ng'ombe. Kisha akasema, "Hilo liulize baraza. Mtoto wako haulizi, analia. Chukua maziwa kwanza."

Lotyang akayapeleka maziwa nyumbani, naye Chepusepa akawaongoza ng'ombe wake wawili nyuma yake polepole, mpaka mahali wazee wa kiume na wa kike walipokutana. Wakabishana kama nyinyi. Mmoja akasema, "Mama yake alikuwa wa Lotyang, basi." Mwingine akasema, "Alimwachia fisi. Kama ni hivyo fisi naye aje adai." Wakacheka. Bibi mmoja akasema, "Mbona hatumwulizi mwenyewe?"

Wakamwuliza ng'ombe wa majivu, "Wewe ni wa nani?"

Ng'ombe akacheua, akameza. Akasema, "Mimi ni wa nyasi. Penye nyasi nitakuwapo. Nyinyi tafuteni wa kwenu."

— Jibu gani hilo?

Ndilo alilotoa. Baraza likaliangalia swali likaliacha, kama ninavyoliacha mimi. Lakini mtoto hakuweza kungoja swali lijibiwe, kwa hiyo wakaamua mengine. Ng'ombe wa majivu abaki na Chepusepa. Maziwa ya asubuhi ya Chepusepa, maziwa ya jioni ya mtoto wa Chemket, na Chemket ahamie karibu mpaka mvua irudi. Mtamba asikae kwa huyu wala kwa yule. Apelekwe mlimani kwa Riwa, akae huko, ili jua likiunguza huku, huko pabaki mguu mmoja.

Ndiyo maana wazee husema, zizi moja ni mlo mmoja wa kiangazi. Mimi naongeza kwamba mlango usio na kamba hujifunga, mwenye nyumba asijue.

Na nani aliyempeleka mtamba mlimani? Vijana walijitolea. Baraza likakataa. Alimpeleka Lotyang mwenyewe, taratibu, akimngoja kila alipochoka, na penye mawe alimbeba. Chepusepa alikuwa amemvua ng'ombe wake ile kamba, akamfunga nayo mtamba.

Riwa akampokea mtamba. Akaifungua kamba, akamnyooshea Lotyang.

Lotyang hakuishika. Basi Riwa akaitundika mlangoni, kando ya ile ya rafiki yake mwingine, sasa mlango ukawa na kamba mbili.

Hadithi yangu imeingia zizini, nami nimefunga lango. Swali limelala nje. Atakayelijibu aje aniamshe.