Vigingi vya Fundi Kajiru

Maji hayasomi ramani. Siku hizi nawasikia mkiyasema maneno hayo kumcheka mtu aliyepotea njia na simu yake mkononi, na mimi hunikera. Kwa kuwa mmeuliza yalikotoka, kaeni niwaambie, maana aliyeyasema kwanza hakuwa anacheka. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha milimani Upare, wanawake wenye mimba walikuwa wakitembea nusu siku kuifikia zahanati, na wengine walijifungulia njiani. Wanakijiji wakakubaliana wajenge nyumba karibu na zahanati, ili mama akae humo mwezi wake wa mwisho akisubiri. Kazi akapewa fundi Kajiru, mseremala ambaye binti yake wa kwanza alizaliwa kwenye njia hiyohiyo na hakuishi. Kwa Kajiru hiyo haikuwa kazi ya kibarua.

Aliichora nyumba yote kichwani. Ingekuwa ya mbao za mgrivea kutoka mashamba ya wanakijiji wenyewe, na kila aliyekata mti mmoja alitakiwa kupanda miwili. Sakafu ingekaa juu ya nguzo na kushuka ngazi kwa ngazi kuufuata mteremko, bila kuchimbua kilima. Mkuyu mkubwa uliokuwa pale ungebaki, na baraza ingeuzunguka, kwa kuwa mizizi yake ndiyo iliyoushika udongo.

Lakini mafundi wa kule walikuwa na desturi yao. Hawagusi kiwanja mpaka wakitazame masika moja nzima. Kajiru akajifunika gunia, akasimama mvuani siku baada ya siku, na kila maji yalipopita alipigilia vigingi kingo zote mbili. Mvua ilipokatika kukawa na safu mbili za vigingi zilizonyooka, zikipanda kilima hatua kumi na mbili kutoka moja hadi nyingine. Maana yake kila mzawa aliijua: katikati hapa hata banda la kuku halijengwi. Kisha akaenda kukaa mashambani, apasue mbao zake na kuzigeuza zikauke vizuri, kwa sababu mbao mbichi hupinda.

Huku nyuma mwenyekiti wa kijiji, Senkoro, alichoka kungoja. Machoni pake mbao ni za banda, maendeleo ni saruji. Akamleta mkandarasi kutoka mjini, ambaye wote walimwita Injinia. Bwana huyo alifika kiangazi, majani yamekauka, hakuna hata tone. Akaziona zile safu mbili, akafurahi. Akasema kumbe aliyetangulia amekwisha kupima, kazi imepungua. Akafunga kamba zake kwenye vigingi vya Kajiru na kuamuru msingi uchimbwe hapohapo. Senkoro ni mzawa, vigingi anavijua, na akanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya ujinga wa mgeni.

Kajiru aliporudi alikuta mkuyu umelala chini na ukuta umefika kiunoni. Alimweleza Injinia polepole, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba amejenga ndani ya njia ya maji. Injinia akakunjua karatasi ya ramani yake, akamwonyesha kuwa hapana mto. Senkoro akaongeza kwamba mzee amepewa mwaka mzima akautumia kuangalia mvua, basi sasa awaachie wanaojua. Watu walicheka, na Kajiru akaondoka na msumeno wake.

Nyumba ikaisha. Masika ikaanza, wanawake watano wakahamia. Siku ya tatu ya mvua, asubuhi, Kajiru aliona wingu jeusi limekaa msituni juu bila kusogea, akashuka mbio mpaka pale. Alimkuta Senkoro mlangoni amevaa koti, anamngoja mgeni rasmi wa kuja kuifungua nyumba saa sita.

"Watoe hawa wanawake," Kajiru alisema.

"Hatoki mtu. Mgeni akikuta nyumba tupu nitamwambia nini?"

"Mwambie lolote. Watoe."

"Mzee Kajiru, wivu wa kazi utakuua."

Nakijwa, mmoja wa wale watano, mimba yake ikiwa ya miezi tisa, alikuwa nyuma yao akisikiliza.

"Baba," alimwita Kajiru, "maji hupita hapa kila mwaka?"

"Kila mwaka, mwanangu. Hapo uliposimama ni katikati ya njia yake."

Nakijwa hakuuliza tena. Alichukua kanga zake na sufuria yake, akampita mwenyekiti bila kumwamkia, na wenzake wanne wakamfuata kwenda kwenye karakana ya Kajiru.

Maji yalikuja kabla ya mgeni. Yaliingia mlango wa nyuma, yakatokea wa mbele pamoja na vitanda, kisha ukuta wa chini ukaondoka. Senkoro aliokolewa juu ya gogo la mkuyu alioacha ukatwe. Jioni hiyo Nakijwa alijifungua mtoto wa kike karakanani, juu ya maranda ya mbao, baada ya kijiji kizima kumwahidi kitanda.

Wiki ya pili ukaitishwa mkutano. Mnadhani waliitana kuomba radhi? Injinia alisimama akasema kosa ni la aliyepigilia vigingi bila kuandika ni vya nini. Senkoro akamtaka Kajiru ajibu. Mzee wa watu, aliyesimama mvuani masika nzima kwa ajili yao, akashtakiwa kwa vigingi vyake mwenyewe! Kabla hajajibu, Injinia akakunjua tena karatasi, akagongagonga kwa kidole. "Tazameni wenyewe. Hapa hakuna mto."

Nakijwa akainuka, mtoto yuko kifuani ananyonya, vumbi la mbao bado limeganda kwenye kanga yake.

"Bwana," alisema, "mlikuwa na mtu aliyeyaona maji kwa macho yake, mkamcheka. Ningewasikiliza ninyi, huyu mwanangu angekuwa ameshazikwa, na wewe ungekuwa unatuonyesha karatasi hiyohiyo. Maji hayasomi ramani."