Moshi wa Jiko la Tupendane

“Ukifunga jiko, moshi utasimulia.” Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkacheka, mkauliza imetoka wapi. Basi sogeeni, methali hii ilianza hivi.

Mikanjuni, Tanga, palikuwa na chama cha wapishi wa arusi, Tupendane. Kwa pilau lao watu walikwenda hata arusi wasizoalikwa. Msemaji wa chama alikuwa Hadia, mwanamke wa vicheko, aliyejua kila nyumba na yanayopikwa humo.

Siku moja, kwa haraka ya arusi mbili, walifunika pilau la sufuria moja lingali moto, wakalibana kwa nailoni. Lilipopakuliwa lilikuwa limechacha. Wageni kadhaa wakaumwa matumbo.

Mwenyekiti, Bi Zuwena, akafunga lango la jiko. “Asiseme mtu! Maneno ya mtaani huchoka yenyewe.”

Hadia akatii, ulimi ukimuwasha. Lakini maneno hayakuchoka. Bombani, wachota maji walisema pilau limechacha. Habari ilipofika sokoni ikawa nyama ya mzoga. Na wapishi walipowasha kuni kuchemsha maji ya kusugulia masufuria, moshi ukapanda juu ya uzio, mtaa mzima ukanyoosha vidole: “Mnaona? Wanachoma mizoga!”

Arusi zikawatoka moja baada ya nyingine. Ikabaki ya binti wa Bi Saumu tu. Nayo ikiondoka, chama kimekufa. Asubuhi moja Bi Saumu mwenyewe akasimama langoni, kanga kiunoni.

“Hodi! Nimekuja kuvunja mapatano.”

“Usifungue,” Bi Zuwena akanong'ona.

“Da Zuwena, tusipomwambia sisi, ataambiwa na moshi.” Hadia akavuta komeo. “Karibu, mama. Na wewe shoga unayechungulia uzioni, ingia tu, kichwa chako nakiona!”

Majirani waliokusanyika nje wakaangua kicheko, wakaingia.

“Pilau lilichacha,” Hadia akasema. “Nyama ilikuwa njema, ila tulilifunika lingali moto. Kosa letu. Haya ni maji ya kusugulia vyombo, na leo hii napita kwa kila aliyeumwa kumpa pole.”

Bi Saumu akainama, akaona maji yanatokota. “Mbona hamkusema?”

“Niliona aibu,” Bi Zuwena akajibu.

“Aibu yako ndiyo iliyowalisha watu mizoga!” Akajifunga kanga upya. “Haya, mtanipikia. Ila lango wazi. Na nikiona nailoni, nawafukuza mbele ya wakwe!”

Siku ya arusi jiko lilijaa majirani, huyu anamenya vitunguu, yule anamenya watu kwa maneno. Moshi ukapanda ule ule. Mpita njia akauliza, “Kunaungua nini huko?”

Yule mchunguliaji wa uzioni akawahi kujibu, mkono umejaa karafuu: “Hakuungui kitu. Pilau la Tupendane hilo, nimeliona tangu mchele mbichi. Ingia ule!”

Hadia alicheka mpaka akaketi. Ndiyo maana, wanangu, mkiwa na chama chenu, likitokea la kutokea semeni wenyewe, mapema. Ukifunga jiko, moshi utasimulia.