Akiingia, Anapakaa

Zamani, wajukuu zangu, zamani ambayo hata bibi yangu aliiita zamani... Mbona hamuitikii? Mmekula ndimi zenu? Haya, afadhali.

Zamani hizo watu wa milima yetu waliyeyusha chuma. Kila msimu walijenga kibanda cha tanuri, wakapaka nguzo za mlango udongo mwekundu, mbichi. Na ule mlango ulikuwa mwembamba! Hata mtoto akipita, bega linapakaa. Kuingia kabla ya siku ya moto ulikuwa mwiko, basi wakawa na msemo wao: akiingia, anapakaa. Semeni. Akiingia...? Ehee, anapakaa.

Siku ya moto ikafika. Senkondo, mhunzi mkuu, akachungulia mlangoni. Lo! Mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, imepasuka yote miwili!

"Nani kaingia humu?"

Watu wakatazamana mabega. Mkwewe Namkunda, mzazi wa siku tisa, kichanga mgongoni, bega lake jekundu.

"Akiingia, anapakaa," Senkondo akanguruma. "Huyu kapakaa. Basi kaingia! Arudi kwao leo hii. Mtoto ni wa ukoo, anabaki."

"Baba, udongo niliubeba mimi kutoka mtoni! Kapu lilikuwa begani!"

"Nani alikuona?"

Hakuna aliyemwona. Mumewe kainamisha kichwa, mwanamume mzima! Na mtoto wa siku tisa atanyonya nini, mawe? Namkunda akakaa chini palepale akalia.

Mke mwenza wake, Mbonea, akasimama. Tena hawa wawili walikuwa hawasalimiani, sababu siijui na haituhusu.

"Baba, naomba kusema. Asiyepakaa hajaingia, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi kila mtu ashushe shuka tuone. Aliye safi aende zake, hana neno."

Wakashusha. Safi, nenda. Safi, nenda. Safi, nenda. Mwisho wakabaki watatu: Mbonea, bega safi; Namkunda, bega jekundu; na Senkondo, kajifunika gubigubi.

"Na wewe, baba."

"Mimi?"

"Tumesema kila mtu, baba yangu."

Akashusha. Mama wee! Jekundu kuanzia bega mpaka kiwiko!

"Unanitazama nini?" akafoka. "Mimi ndiye niliyepaka mlango! Sijaingia!"

"Kumbe mtu anaweza kupakaa bila kuingia?"

Senkondo akavuta shuka kulifunika bega.

"Akiingia anapakaa, hilo ni kweli," Mbonea akasema, sauti ya upole kabisa. "Lakini nani alisema kila aliyepakaa kaingia? Tulilisema wapi, baba?"

Mzee akachukua fimbo, akavuta mvukuto mmoja mpaka nje, akaukagua. Haukuchanwa na mtu. Ngozi ilikuwa imekauka kau, ikapasuka yenyewe, kwa sababu msimu mzima haikupakwa mafuta. Na kazi ya kuipaka mafuta ilikuwa ya nani? Cheka wewe, cheka tu! Ilikuwa ya Senkondo.

"Mwanangu," akamwambia Namkunda, na maneno yalimtoka kwa shida, "nimekukosea. Nyumba ni yako."

Namkunda akashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akashika mbeleko aifungue, fundo likamshinda. Mbonea ndiye aliyeifungua, akampakata mtoto, akamweka kwenye ziwa la mama yake. Mtoto akanyonya, kwa kelele, kama hajawahi kula.

Mtoto huyo alikua, akazaa. Vizazi vikafuatana mpaka nikazaliwa mimi, nami nikawazaa wazazi wenu. Kwa hiyo jitazameni vizuri: ninyi nyote mliojaa humu ndani mngekosekana kwa sababu mzee mmoja aligeuza sentensi nyuma mbele.

Basi mkisikia "wezi wote hukimbia", msimkamate kila anayekimbia. Ulizeni kwanza.

Kisa changu nimekitua hapa. Mwenye mabega akibebe, na sasa nileteeni maji, koo limekauka.