Mpika Chapati Aliyeambiwa Asikiri

Wapendwa, tulieni niwape mfano, na mifano yangu hailali ikachacha.

Kulikuwa na mama mmoja mpika chapati. Chapati zake, acheni! Nyembamba, ungeinua moja usoni ukamwona mkweo upande wa pili. Mama huyu aliishi na virusi vya UKIMWI mwaka wa tisa, dawa hakosi, na kanisa lake lote lilijua, maana alisimama mbele akashuhudia. Wakampigia makofi hadi mabati yakaitikia.

Basi, vikaanza vidole. Asubuhi vimevimba, vimegoma kama punda mkaidi. Unga haukandiki. Akamnong'oneza dada mmoja wa maombi: "Shoga, viungo vinaniua."

"We! Usikiri hilo! Ukilitamka umelikaribisha kiti. Sema, nimepona!"

"Nimepona," akasema, mikono kaificha ndani ya kitenge.

Kliniki nesi akamuuliza, kama kawaida yake: "Mama, kuna panapouma?"

Moyoni akawaza: Mungu kanipa uhai, leo nimdai na vidole? Tena mimi mshuhudiaji mzima? Akajibu: "Sijambo, mwanangu. Namshukuru Mungu."

Miaka miwili, sijambo! Hadi siku aliponyoosha mkono apokee dawa, kopo likamponyoka. Nesi akavishika vile vidole, akavigeuza taratibu.

"Mama, huu ugonjwa wa viungo una matibabu. Tungeuwahi! Sasa maumivu tutayapunguza, lakini hivi vilivyokwisha kupinda..."

Jiko la chapati likapoa. Jumapili wakamwita tena ashuhudie. Akainua mikono, vidole vimejikunja kama vya kuku aliyechinjwa. Na kanisa, bila kutazama sawasawa, likalipuka: "Haleluya!"

Ni nani aliyevipinda vile vidole? Virusi? Mnaitikia kwa vichwa. Haya, na kinywa chake, je, kilifungwa na virusi?

Ni sisi, ndugu zangu. Tulikifunga sisi, tukaita imani. Tulipenda ushuhuda wake kuliko tulivyompenda yeye. Wewe unayemeza dawa, kusema "panauma" si kumkufuru Mungu; nenda kaseme kliniki, kesho. Na sisi tuliobaki, mwenzetu akijibu "sijambo", tusimpite mbio. Tumuulize mara ya pili, kisha, kwa mara moja katika maisha yetu, tunyamaze.