Mchambuzi na Nepi za Mgombea

Hadithi hii nimeipata kwenye kundi la ukoo, nami sina mkono wa birika, nawagawia. Wanaume wenzangu, msiiruke.

Katika mji mmoja wa milimani, kule mvua isikokatika, palikuwa na mchambuzi wa siasa aitwaye Ambokile Mwasaka. Kila asubuhi alichambua habari redioni, na watu walimpenda kwa ulimi wake.

Uchaguzi wa udiwani ulipokaribia, ikasambaa picha ya mgombea mmoja, Lusajo, akianika nepi uani kwake. Mkewe alikuwa ametoka kujifungua.

"Huyu kalishwa limbwata!" Ambokile akasema redioni. "Kata yetu inataka dume, haitaki mfua nepi. Akiitwa kwenye kikao si ataomba kwanza ruhusa kwa mkewe?"

Watu wakacheka. Siku ya pili akarudia, ya tatu akaongeza chumvi. Kuhusu zahanati aliyoahidi Lusajo, hakugusia hata neno. Nami nakiri, ningekuwa karibu na redio ningecheka pia.

Siku ya nne akafungua simu kwa wasikilizaji. Ya kwanza ikawa ya mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama. Unatupigia kutoka wapi?"

"Marahaba, Ambokile. Kutoka jikoni kwangu. Ni mimi mama yako."

Ambokile akacheka. "Wasikilizaji, leo mama mzazi yuko hewani! Haya mama, na wewe unamtaka diwani mfua nepi?"

"Mwanangu, nilipokuzaa niliumwa miezi mitatu, hata kukaa siwezi. Mama yangu alishafariki, wifi zangu wako mbali. Unadhani nepi zako alifua nani?"

Ambokile akaacha kucheka.

"Baba yako. Alifua alfajiri, watu hawajaamka, maana aliogopa kuchekwa. Kuzianika nje hakuthubutu, na ndani, kwa mvua hizi, hazikauki. Basi alijifunga nepi mbichi tumboni, akavaa shati na koti juu yake, akaenda kuchuma chai. Jioni alirudi nazo zimekauka kwa joto la mwili wake. Aliniapisha nisimwambie mtu. Miaka arobaini na moja nimenyamaza."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Kila asubuhi baba yako hufungulia redio sauti ya juu, majirani wajue anayesema ni mwanawe. Tangu Jumatatu ameizima. Jana kaniuliza, 'Hivi Ambokile akijua, bado ataniheshimu?' Ndiyo maana nimevunja kiapo."

Ambokile akasogelea kipaza sauti. "Lusajo, ndugu yangu, kama unanisikia, naomba radhi. Nimekukosea wewe na mkeo." Kisha akamwashiria fundi mitambo aweke muziki, akatoka.

Alimkuta baba yake bandani, anakata majani ya ng'ombe. Redio ilikuwa imezimwa, kwa hiyo mzee hakuwa amesikia lolote. Akashangaa kumwona mwanawe anapiga magoti kwenye matope na suti yake.

"Nisamehe, baba. Mama ameniambia habari za nepi."

Mzee Mwasaka akainamisha kichwa. Masikini, hata siku ile bado aliona haya. Akaweka panga chini, akafuta mikono kwenye suruali, akatafuta la kujitetea.

"Ulikuwa unalia, mwanangu," akasema taratibu. "Na mimi ndiye niliyekuwa karibu."

Ambokile akamkumbatia palepale, akalia kwa sauti, na hakujali nani anamwona.

Funzo: Ukimcheka mwanaume kwa kuwatunza walio wake, huenda unamcheka aliyekutunza wewe; na kiongozi mpime kwa kazi yake, si kwa ubabe.